Je, Wajua? Mtafiti wa ubongo katika ofisi ya mawakili

Je, wajua kwamba nchini Marekani mtafiti wa ubongo mwenye shahada ya uzamivu anaweza kuaga maabara na kuajiriwa na kampuni ya mawakili, hata kama hajasomea sheria? Huitwa mshauri wa sayansi. Huketi na mvumbuzi, husoma kumbukumbu zake za majaribio, hupekua machapisho ya zamani kuona kama jambo hilo lilishajulikana, kisha husaidia kuandika ombi la hataza. Hataza humpa mwenyewe haki ya kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake, kwa kawaida hadi miaka 20 tangu ombi liwasilishwe.

Akifaulu mtihani wa Ofisi ya Hataza, maswali 100 kwa saa 6, anaweza kusajiliwa kuwa wakala wa hataza. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ililinda haki ya wakala kama huyo kufanya kazi yake, pale chama cha mawakili cha Florida kilipotaka kumzuia wakala Sperry, ambaye hakuwa mwanasheria.

Mtu wa namna hii anahitajika kwelikweli. Mwaka 1911 Jaji Learned Hand aliamua kesi ya hataza ya adrenalini, homoni iliyosafishwa na mkemia Jokichi Takamine. Ndani ya hukumu yenyewe alilalamika kwamba mtu asiyejua hata misingi ya kemia anaachiwa kuamua mambo mazito kama hayo.

Baadhi ya washauri hawa huendelea kusomea sheria jioni, wengine wakilipiwa ada na mwajiri.