Moshi usiofagilika Kibagabaga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukisimama juu ya mteremko wa Kibagabaga, jijini Kigali, Rwanda, ukatazama bondeni, utaona utando wa kijivu umelala juu ya mapaa. Wageni huupiga picha wakauita ukungu. Kwa sehemu ni ukungu kweli. Sehemu nyingine ina harufu, na aliyewahi kupuliza jiko la mkaa uliolowa huitambua kabla hajafika nusu ya mteremko. Muda huo wafagiaji wamekwisha kuingia barabarani. Ukipita nyuma yao huoni hata ganda la ndizi.

Usafi huu wa Kigali si hadithi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, plastiki nyingine za kutumika mara moja zikafuata mwaka 2019, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na majembe yao. Ila ufagio humaliza kinachoonekana. Kinachowaumiza watu wa mji huu zaidi hakionekani, na hakuna aliyekwisha kubuni ufagio wake.

Wanasayansi hukiita PM2.5, yaani chembechembe ambazo kipenyo chake hakizidi mikrometa 2.5. Unywele wa mtu una unene wa mikrometa kama 70, kwa hiyo utahitaji kupanga chembe 28 hivi ili kupata upana wa unywele mmoja. Lile vumbi jekundu linalochafua viatu ni kubwa mno kulinganisha na hizi. Sehemu yake kubwa hunasa puani na kooni, ukapiga chafya, ukatema, likaisha. Chembe ndogo hazinasi. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa mwishoni kabisa mwa mapafu, pale oksijeni inapovuka kuingia kwenye damu, na zilizo ndogo zaidi huvuka nayo. Ndiyo maana orodha ya maradhi yake huwashangaza watu. Pumu na nimonia ya watoto kila mtu anazitarajia, lakini humo pia mna shambulio la moyo, kiharusi na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka hewa chafu ya nje kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku.

Mwaka 2021 shirika hilo lilipunguza kiwango linachokiona salama: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo katika kila mita ya ujazo ya hewa. Watafiti walioweka vipimo Kigali kati ya mwaka 2017 na 2018 walipata wastani unaozidi 50. Hiyo ni mara kumi.

Sasa, kwa nini alfajiri? Jua likizama, ardhi ya vilimani hupoa haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka taratibu mpaka bondeni. Juu yake hubaki tabaka la hewa yenye joto, mfano wa mfuniko juu ya sufuria. Chochote kinachofukizwa usiku kucha na asubuhi mapema hubaki chini ya mfuniko huo hadi jua lipande, ardhi ipate joto na hewa ianze kuchanganyika. Basi yule anayedamka kukimbia ili alinde moyo wake huenda anakimbia katika saa mbaya kuliko zote. Mwaka 2022 serikali ilipoamua shule zianze saa mbili na nusu, hoja haikuwa moshi, lakini mtoto anayetoka nyumbani saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili na nusu amepunguziwa kidogo bila kuambiwa.

Si moshi wote ulio wetu, na hilo tulikubali. Juu ya mlima Mugogo, kaskazini-magharibi mwa Kigali, kuna kituo cha kupimia hewa, mbali na foleni yoyote ya magari. Hata huko masizi hupanda sana wakati wa kiangazi. Kati ya Juni na Agosti, upepo huleta moshi wa mbuga na mashamba yanayochomwa kusini mwetu. Desemba hadi Februari, huleta wa kaskazini. Mvua zikianza, hewa huoshwa.

Wetu unaanzia barabarani. Pikipiki ya abiria Kigali huitwa moto, jina lililotoka kwenye Kifaransa, na kila nikilisikia kwa masikio ya Kiswahili naona waliolichagua hawakukosea. Za umeme zimekuwa zikiongezeka tangu kampuni ya Ampersand ianze biashara mwaka 2019, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria jijini haisajiliwi isipokuwa ya umeme. Magari makuukuu yanayotoa wingu jeusi kila yanapopanda kilima ni kazi ngumu zaidi. Zile Jumapili zisizo na magari, zilizoanza mwaka 2016, zimewapa watafiti nafasi adimu ya kulinganisha: magari yakisimama kwa saa chache tu, vipimo hushuka.

Halafu kuna jikoni. Kibagabaga ni mtaa wa kuta ndefu na maghorofa mapya, na ukiingia ndani utakuta jiko la gesi linang'aa. Zunguka nyuma, kwenye chumba cha uani. Imbabura, kama jiko la mkaa linavyoitwa hapa, imewekwa karibu na mlango, sufuria ya maharage juu yake, na binti wa kazi ameinama akipepea kwa kipande cha boksi. Chai na mayai hupikwa kwa gesi. Maharage huachiwa mkaa, kwa sababu yanakaa motoni saa mbili au tatu na mtungi wa gesi una bei. Kwa hiyo nyumba inahesabiwa kuwa imehamia gesi, ilhali moshi umehamia kwa binti.

Na je, gesi ingetosha? Utafiti mkubwa uliofanywa Guatemala, India, Peru na Rwanda, hapa kwetu ukiwa wilayani Kayonza, uliwafuatilia wajawazito wapatao 3,200. Nusu yao walipewa majiko ya gesi na gesi ya bure. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kuwa chembe walizovuta hao zilikuwa mikrogramu 24 hivi, ilhali kwa wenzao zilikuwa 71 hivi, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Wapo waliosema gesi haina faida. Mimi naona namba 24, ambayo bado inakaribia kuwa mara tano ya kiwango salama. Mama aliyezima mkaa wake anaendelea kuvuta wa jirani, na wa barabarani.

Jambo moja linahitaji kusemwa kwa sauti, hasa usiku wa baridi. Makaa yakishakolea na moshi ukaisha, watu huingiza jiko chumbani wakiamini hatari imepita. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayopora nafasi ya oksijeni kwenye damu. Huanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito. Mwenye kulala nayo anaweza asiamke.

Barakoa ya kitambaa haizuii PM2.5 vya kutosha. Kukimbia saa tatu badala ya saa kumi na mbili kunasaidia, na kukimbia kileleni kuliko bondeni. Maharage yakilowekwa tangu usiku huiva mapema zaidi, na kwenye sufuria ya presha hupungua muda kiasi kwamba hata mwenye kuhesabu gesi anaweza kuyapika ndani, binti akaacha kupepea.