Maleleji ya Nchi Kavu: Msamiati wa Majira na Vilima vya Homa Bay

Msamiati wa majira katika Kiswahili Sanifu ni msamiati wa mabaharia. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, usanifishaji ulirithi pamoja na sarufi yake kalenda nzima ya pwani: kaskazi inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi inayoshika zamu kuanzia Aprili, masika yanayoingia pepo hizo zinapopokezana, kisha kipupwe, demani na vuli. Makala haya yana nia ya kuonyesha mahali ambapo kalenda hiyo hukwama, napo ni katika nchi ya ziwa na vilima ya Homa Bay, magharibi ya Kenya, hasa katika miezi ya Machi, Aprili na Mei.

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja dogo. Jina Homa humfanya mgeni anayejua Kiswahili afikirie maradhi. Hilo ni jina la mlima tu, ambao wenyeji huuita Got Uma, wenye kimo cha mita 1,751. Upande wa magharibi vilima vya Gwassi hupanda zaidi ya mita 2,200, ilhali ziwa lililo chini yake liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo ya kimo, katika eneo dogo namna ile, ndiyo chanzo cha yote yatakayoelezwa.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuelekea bara. Ukikutana na vilima hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Ndiyo maana asubuhi ya Aprili huweza kuwa nyeupe kabisa, adhuhuri ikawa ya jua kali, na alasiri ngurumo zikaanza ghafla, pengine pamoja na mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, upepo hushuka kutoka vilimani hadi ziwani, na dhoruba huzuka juu ya maji penyewe. Tena mvua haigawanywi kwa haki. Nyanda za juu za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, lakini Mbita, ulio mwendo wa saa chache tu kwa gari, hupata pungufu sana. Bonde la Lambwe, lililobanwa baina ya Gwassi na ukuta wa Kanyamwa, huweza kukaa kavu huku mtu akiyaona mawingu yakimwaga maji kilimani.

Sasa tuulize: mwalimu anapowaambia watoto wa Lambwe kwamba "masika yameanza", anawaambia nini? Neno masika, kwa asili yake, hudai mvua iliyotanda, inayonyesha siku baada ya siku. Dholuo, lugha ya wengi wa eneo hili, hutumia neno chwiri, ambalo ndani yake mna mvua na pia mna kilimo. Chwiri ni wakati wa kupanda. Mvua za mwisho wa mwaka huitwa opon, na kiangazi huitwa oro. Mfasiri anayeandika masika mahali pa chwiri hakosei mwezi. Anachopoteza ni jembe.

Mwandishi wa makala haya aliugusa upungufu huo akiwa mbali. Alipokuwa akisoma Uskoti aliyashuhudia majira yanayofuata baridi kali, yale ambayo baadhi ya wafasiri wetu huyaita majira ya kuchipua, na wengine, kwa uvivu, huyaita masika. Katika siku moja ya Aprili milimani alipigwa na theluji, jua na mvua. Alipotaka kumweleza mwalimu mwenzake wa Mbita kwa barua, alitafuta neno asilipate, akaandika: "Huku ni kama Gwassi, ila kuna baridi." Mwenzake alielewa mara moja.

Hata hivyo, si kweli kwamba Kiswahili hakina neno kabisa. Mabaharia wa pwani wanalo: maleleji, au malelezi, yaani kipindi kifupi baina ya kaskazi na kusi ambapo upepo hauna msimamo. Kipindi hicho huitwa pia tanga mbili. Ni ajabu kwamba waandishi wa vitabu vya shule wameyaacha maneno haya yalale kamusini. Najua pingamizi litakalotolewa: maleleji ya pwani huja mara mbili kwa mwaka, na mageuko ya Homa Bay huja mara mbili kwa siku. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Lugha hupanua maana za maneno yake kila siku, na maana ya msingi hapa, upepo usiotegemewa, haipotei. Kwa maoni yangu tuseme "hali ya maleleji" pale ambapo sasa tunasema "hali ya hewa inayobadilikabadilika", kirai kirefu kisichomwonya mtu.

Kuonya ndilo jambo lenyewe. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza, wakiwa na taa za kuvuta samaki, saa zile zile ambazo dhoruba huzaliwa juu ya maji. Utabiri unaowafikia kwa Kiswahili mara nyingi husema kutakuwa na "mvua na ngurumo za radi katika sehemu chache". Kwa mkulima wa Gwassi maneno hayo yanaweza kutosha, maana atatazama kilima chake. Mvuvi yeye anahitaji kujua upepo utageuka saa ngapi na utatoka upande gani, kabla hajawasha taa.