Kitendo na Heshima Yake: Utangulizi wa Somo la Malezi ya Afya, Migori na Homa Bay

Kitabu hiki kinahusu namna watoto wanavyopata mazoea ya afya kutoka kwa watu wazima wanaoishi nao. Kwa nini mtoto mmoja wa Rongo hukua akipenda kutembea, akinawa mikono kabla ya kula na akilala ndani ya chandarua bila kuhimizwa, ilhali mwenzake wa boma la pili, aliyesoma shule ileile na kusikia mawaidha yaleyale, hana habari na hayo? Wanaolishughulikia swali hili wanatoka katika taaluma mbalimbali: saikolojia, anthropolojia, lishe, elimu ya mazoezi ya mwili na afya ya jamii. Nimewaandikia wanafunzi wanaoanza, walimu wa chekechea, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, na mzazi yeyote anayetaka kuelewa. Huhitaji kuwa umesomea sayansi. Ukiwa umeishi na watoto, tayari unalo la kuchangia. Karibu.

Hoja yangu naitoa mapema ili uipime kadiri unavyosoma. Mtoto huiga kitendo pamoja na heshima ambayo wakubwa wamekipa kitendo hicho. Akiona jambo linatendwa huku linadharauliwa, atalijua kulitenda na ataliacha siku atakapopata njia ya kuliacha. Katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, ambako wazazi wengi hutembea, hulima na kubeba mizigo kutwa, hapo ndipo penye kiini cha somo letu.

Nenda Muhuru Bay, kando ya ziwa, asubuhi, mashua zilizovua omena kwa taa usiku kucha zinapofika ufuoni. Kina mama hununua, hujitwika makarai na kwenda kuanika samaki juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Mtazame msichana wa miaka mitano hivi nyuma ya mama yake. Ana kopo lake dogo. Anainama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, kama mama. Anatupa omena kwa mkono wa kulia ili zisambae zisilaliane, kama mama. Akimaliza, anajipangusa viganja kwenye paja, palepale mama anapojipangusa. Hakuna aliyemfundisha. Waswahili husema mwana hutazama kisogo cha nina, na mtoto huyu ametazama sawasawa.

Jua likishakuwa kali, mama huyohuyo humwambia: soma kwa bidii, mwanangu, usije ukateseka hivi kama mimi. Ni maneno ya upendo, na kila mzazi wa kaunti hizi ameyasema au ameambiwa. Lakini asubuhi moja mtoto amepokea masomo mawili: namna ya kuutumia mwili, na kwamba kuutumia mwili ni mateso ya asiyesoma.

Wanasaikolojia walianza kuyapima mambo haya kwa makini katika karne ya 20. Anayetajwa kwanza ni Albert Bandura, aliyezaliwa Kanada mwaka 1925 na kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1961 yeye na wenzake walichapisha jaribio ambalo watoto walimtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Watoto walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi walimpiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale. Hawakuwa wamefunzwa wala kupewa zawadi. Kutazama kulitosha.

Jaribio lake la mwaka 1965 halitajwi sana, nalo ndilo linalotufaa zaidi. Safari hii watoto walionyeshwa filamu yenye miisho mitatu. Kundi moja liliona yule mpigaji akisifiwa na kupewa peremende na vinywaji baridi. La pili lilimwona akikemewa na kuadhibiwa. La tatu halikuona lolote likimpata. Walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wengine. Kisha mtafiti akawaahidi watoto wote zawadi kwa kila kitendo watakachokumbuka, na hapo tofauti ikatoweka. Wote walikuwa wamejifunza. Kilichotofautiana ni utayari wa kutenda, na utayari huo ulitokana na yale waliyoona yakimpata mtendaji.

Chukua matokeo hayo uyalete kwenye barabara ya Awendo. Mtoto anamwona mama akitembea kilomita kadhaa kwenda sokoni, na anaona majirani wakimhurumia. Anamwona mjomba aliyetoka Nairobi akishuka kwenye gari, na boma zima likisimama kumlaki. Kutembea amekujua. Ameona pia nani hupewa heshima na nani huhurumiwa.

Upande wa mwili wenyewe, elimu hii ilipata msukumo mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walipochapisha utafiti kuhusu mabasi ya London. Madereva waliokaa kutwa walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa. Tangu hapo imejulikana kwamba mwili usiotumika huharibika. Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya aheme, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki.

Mambo hayo mawili, kuiga na mwendo, yalikutana katika utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991. Watoto 100 wa miaka 4 hadi 7 na wazazi wao walifungwa vifaa vya kupima mwendo. Watoto ambao mama zao walikuwa wachangamfu, yaani wenye mwendo mwingi, walikuwa na uwezekano mara mbili wa kuwa hivyo kuliko wale ambao mama zao hawakuwa. Baba akiwa mchangamfu, ilikuwa mara tatu na nusu. Wote wawili wakiwa hivyo, karibu mara sita. Watafiti hawakudai kwamba ni kuiga tu. Huenda pia ni urithi wa damu, au ni kwa kuwa mzazi wa namna hiyo hutoka na watoto wake. Sehemu ya pili ya kitabu inaeleza jinsi sababu hizi zinavyochambuliwa.

Usidhani somo hili ni la Wazungu kuhusu watoto wa Kizungu. Sehemu ya misingi yake imejengwa magharibi mwa Kenya. Watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi na Wakipsigis wa Kokwet miaka ya 1970, na kutokana na kazi hiyo, mwaka 1986 walipendekeza kwamba kila mtoto hukulia ndani ya mambo matatu: mahali na watu waliomzunguka, desturi za malezi, na mawazo ya wazazi kuhusu mtoto bora ni yupi. Hilo la tatu ndilo ninalokuomba ulikumbuke.

Utafiti wenye uzito zaidi kwetu ulifanyika Oyugis, ambayo sasa imo Kaunti ya Homa Bay. Mwanaanthropolojia Carol Ember alikuwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliona kwamba katika boma lisilo na msichana wa umri unaofaa, mvulana ndiye aliyepewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kama kulea mdogo wake na kusaidia shughuli za ndani ya nyumba. Akawachunguza wavulana hao pamoja na wenzao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973 yalionyesha kwamba wavulana waliozoea kazi hizo, hasa zile za ndani, walikuwa na ubinafsi mdogo na ukali mdogo kuliko wavulana wengine. Hawakuhubiriwa upole. Waliupata katika kazi ya kila siku.

Ember hakuwa akichunguza afya, lakini ametuachia funzo: jambo linalofanyika kila siku kando ya mkubwa humjenga mtoto zaidi kuliko hotuba. Wazee walilijua hilo. Katika duol, banda la mwenye boma, wavulana wa Kijaluo walikula na wanaume na kusikiliza mazungumzo yao. Katika siwindhe, nyumba ya bibi, wasichana walilala, wakasimuliwa hadithi na kufunzwa maisha. Zilikuwa shule zisizo na kengele, na mwalimu alikuwa mtu aliyeheshimiwa. Ndiyo maana mafunzo yalishika.

Sasa mazingira yanabadilika haraka. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikaenea hadi vijiji vya ndani. Zimewawahisha akina mama hospitalini na kuwapa vijana riziki. Pia zimewabeba watoto ambao wangeenda shule kwa miguu. Tunakoweza kufika kumeonekana Nairobi, ambako Vincent Onywera, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wenzake waliwapima watoto 563 wa miaka 9 hadi 11. Waliofikia dakika 60 kwa siku walikuwa asilimia 12.6 tu. Mzazi aliyekua akitembea huona fahari kumlipia mwanawe asitembee, na fahari hiyo inaeleweka. Ndiyo ile tunayoiona mgeni anapopewa soda huku watoto wa nyumbani wakinywa maji na kutazama heshima inavyowekwa kwenye soda.

Je, heshima ya kitendo inaweza kubadilika? Inaweza, na ushahidi umo sokoni. Osuga, dek, apoth na boo, yaani mnavu, mgagani, mrenda na kunde, zilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa mboga za maskini. Mtu akipata kazi alihamia kabichi. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia walionyesha thamani yake ya lishe, mbegu zikatunzwa, mapishi yakaelezwa, na leo mboga hizo zinauzwa katika maduka makubwa ya mijini na kuagizwa hotelini. Majani hayakubadilika. Tulichobadilisha ni namna tunavyoyazungumzia, na watoto wakaona wageni wakiandaliwa mboga hizo.

Nina tahadhari tatu. Ya kwanza ni kuhusu neno mzazi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya ukimwi kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na 13 Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Ugonjwa huu umewaacha watoto wengi mikononi mwa bibi, shangazi na kaka wakubwa. Kila nisemapo mzazi, wahesabu wote hao.

Ya pili: kumshirikisha mtoto si kumtumikisha. Kopo dogo la omena ni malezi. Kumpeleka mtoto kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyatike, au kumkosesha shule ili avue usiku, ni dhuluma, na hakuna nadharia humu inayoihalalisha.

Ya tatu: mfano mwema hauzibi pengo la huduma. Boma la karibu na ziwa lisilo na maji ya bomba litaoga ziwani na kuambukizwa kichocho, hata baba akiwa mfano bora kiasi gani. Anayewalaumu wazazi peke yao hajaielewa taaluma hii.

Sura zinazofuata zitakupitisha kwenye chakula, mwendo, usafi, usingizi na michezo, na kila moja ina zoezi la kutazama boma halisi kwa ruhusa ya wenyewe. Kila mara jiulize: mtoto anaona nini kikitendwa, anatenda nini pamoja na mkubwa, na anasikia kitendo hicho kikisemwaje? Wengi huishia swali la kwanza. Nakusihi usiliache la tatu.

Anza na boma lako. Wiki hii, tembea na mtoto hadi dukani hata kama nauli ya boda unayo, na akiuliza kwa nini, usimwambie hakuna pesa. Mwambie unatembea kwa sababu unapenda miguu yako iendelee kuwa na nguvu, na unapenda kutembea naye. Kisha fungua sura ya kwanza.