Tulijitolea Kupika, Tukaombwa Kukimbia

Katika darsa yetu ya wanawake, kila lijapo jambo la mchango, sisi huwa tayari. Huyu ataleta mahamri, yule viazi karai, mwingine sinia la biriani la kuuzwa. Kwa hivyo ustadha wetu alipotangaza kuwa mtaani kutakuwa na mbio za hisani za kilomita 5 kuwachangia wagonjwa wa figo, tulikwisha kuhesabu pakiti za unga kabla hajamaliza. Akatwambia wapishi wapo. Watakiwao ni wanawake wanane wa kukimbia, na kila mmoja atawekewa na jamaa zake ahadi ya fedha kwa kila kilomita atakayoimaliza.

Tukainama kutazama mikeka.

Haja yenyewe tuliijua. Mwenzetu mmoja wa darsa ana kijana anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Huvuka naye feri ya Likoni asubuhi, na jioni hurudi naye akiwa hana nguvu za kusimama. Linalommaliza mama huyu ni nauli za tuktuk, dawa za kununua nje na siku za kazi zinazopotea. Siku ile alikuwa ameketi karibu na mlango, naye hakusema neno. Mmoja wetu akainua mkono, na wengine saba tukafuata, kwa haya zaidi kuliko kwa ushujaa.

Tuliloliogopa zaidi ni macho ya watu. Mavyaa wa mmoja wetu aliuliza mbele ya wageni, "Mwanamke mzima akimbia barabarani, akimbizwa na nani?" Swali lilituchoma, kwa kuwa hata sisi tulikuwa tukijiuliza. Ustadha akatukumbusha habari ya Mtume (s.a.w.) na Bi Aisha (r.a.). Walipokuwa safarini, Mtume aliwataka maswahaba watangulie, kisha akashindana mbio na mkewe, na Bi Aisha akashinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, walishindana tena. Safari hiyo akashinda Mtume, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Sisi tulilishika hasa lile la maswahaba kutangulia. Mbio zilikuwapo, na sitara ilikuwapo.

Basi tukachagua wakati wa baada ya sala ya alfajiri, pale Mama Ngina chini ya mibuyu, mahali ambapo jioni hujaa wauza mihogo na madafu lakini asubuhi huwa kimya. Siku zetu zilikuwa Jumanne, Ijumaa na Jumapili, maana baadhi yetu hufunga Jumatatu na Alhamisi. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa michezo, akakubali kutufunza.

Asubuhi ya kwanza tuliondoka kama waliofukuzwa na nyuki. Hatukuufikia mbuyu wa tatu. Mmoja alikaa chini akishika ubavu. Mwingine buibui lilimnasa miguuni akapiga magoti. Bibi hakucheka. Alitwambia kuwa anayeanza hukimbia dakika moja kisha hutembea mbili, tena kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenziwe. Hilo la kuzungumza tuliliweza tangu siku hiyo. Kila wiki alituongezea kukimbia na kutupunguzia kutembea. Wenye sukari na presha aliwataka waonane na daktari kwanza, na mwenye sukari asikose tende mfukoni.

Mavazi yalitutaabisha kuliko pumzi. Mwishowe fundi alitushonea kanzu pana za pamba nyepesi, zilizoishia chini kidogo ya magoti, za kuvaliwa juu ya suruali pana. Raba tulizipata Kongowea, mitumba, nazo zilitufaa.

Wiki ya tano mvua ilinyesha, wakaja watu wanne tu. Tulikaribia kuvunja shauri. Bibi akatusimulia habari za Bi Margaret Kenyatta, ambaye mwaka 2014, akiwa mke wa rais, alikimbia mbio za London za kilomita 42 kuchangia kliniki tembezi za kina mama na watoto. Zilimchukua zaidi ya saa 7, naye alimaliza. Sisi tulikuwa na kilomita 5 tu. Jumapili tulirudi wote wanane.

Siku yenyewe tulikuwa wa mwisho, na viti vilikuwa vimeanza kukunjwa. Mama wa yule kijana alikuwa angali amesimama mwishoni na chupa za maji, akatupa mmoja mmoja.

Jioni yule mavyaa alikuja kwenye hesabu. Alifungua pindo la leso yake, akauliza ni kilomita ngapi. Tukamjibu tano. Akauliza kama tulitembea popote. Tukamwambia kweli: mara mbili, tena si kidogo. Akatutazama, kisha akahesabu shilingi mia kwa kila kilomita, zote tano.