Ikute Injini Ikiwa Baridi

Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, fedha huanza kuingia mikononi mwa wakulima wa Newala, Masasi na Tandahimba. Wapo wanaojenga, wapo wanaolipa ada, na wapo wanaotafuta gari, aghalabu lililokwisha kutumika Japani, kisha likatumika tena Dar es Salaam. Kwa hao nina neno moja: mkaikute injini ikiwa baridi.

Injini iliyopata moto huficha maradhi. Chuma kikipata joto hutanuka, nafasi kati ya pistoni na silinda hupungua, na mlio wa kugonga uliosikika asubuhi hutoweka. Kwa hiyo, kabla gari halijawashwa, fungua boneti uiguse injini. Ukiikuta ina joto ilhali muuzaji alijua unakuja, mwambie utarudi kesho alfajiri.

Ikiwa baridi, fungua rejeta. Ya moto usiifungue kamwe: maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kikilegea maji hayo huruka na kukuunguza. Maji yenye utando wa oili, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki, yanaonyesha kwamba huenda gasketi ya silinda hedi imeungua.

Sasa mtu awashe, nawe usimame nyuma, kwenye eksozi. Mvuke mwepesi unaokwisha baada ya dakika chache ni unyevu tu. Moshi mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka wakati wa kuwasha tu, shuku sili za valvu, maana oili ilidondoka usiku kucha; ukitoka kila dereva anapokanyaga mafuta, shuku ringi zilizolika. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi hewa, pengine chujio la hewa limezibwa na vumbi.

Kisha liingize barabarani. Tafuta mlima mrefu: kwa mfano, Kitangari iko bondeni, na kuupanda uwanda wa juu kuelekea Newala ni kipimo tosha: mzigo wa injini ni mkubwa, mwendo ni mdogo, na upepo unaoipooza rejeta ni haba. Mshale wa joto ukizidi kupanda, gari hilo linachemsha.

Hata likifaulu, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, apime kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, injini itafunguliwa kwa gharama yako. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka. Usiitoe kabla fundi hajakupa jibu.