Je, Intel Itakufa? Tutazame Yaliyoipata AMD

Mjukuu wangu ametia akiba yake yote katika hisa za Intel, na fedha za mahari zimo humo humo. Juzi alinijia baada ya Ishaa, simu mkononi. "Babu, kampuni ilipata khasara ya dola bilioni 18.8 mwaka 2024. Itakufa?"

Mie sijui chipu ya kompyuta inavyotengenezwa. Lakini nilikuwa karani wa mahesabu, na skuli ya misheni niliyosoma Unguja ilitufundisha kuandika daftari kwa fimbo. Nikamwambia: kampuni haifi kwa khasara. Hufa siku deni linapofika muda wake na sandukuni hamna taslimu. Khasara nyengine ni ya vitabuni tu. Mali iliyonunuliwa ghali inapunguzwa thamani, na hapana senti inayotoka mlangoni.

Nikampa mfano wa AMD, mshindani wa Intel. Mwaka 2006 iliinunua ATI ya Canada kwa kiasi cha dola bilioni 5.4, na kwa ajili hiyo ikakopa bilioni 2.5. Mwaka 2007 ikapata khasara ya zaidi ya bilioni 3, na 2008 vivyo hivyo. Sehemu kubwa ilikuwa ya vitabuni, lakini deni lilikuwa la kweli, na viwanda vyake vya Dresden, Ujerumani, vilikula fedha bila kushiba. Mashine za chipu ni za mabilioni, na baada ya miaka michache zimeshapitwa.

Aliyekuja na fedha ni jirani yetu hapa Ghuba. Novemba 2007 Mubadala ya Abu Dhabi ilinunua hisa za AMD, kama asilimia 8, kwa dola milioni 622. Machi 2009 viwanda vikatengwa, ikazaliwa GlobalFoundries kwa mtaji wa Abu Dhabi, na deni la zaidi ya bilioni 1 likahamia huko.

Msaada huo ulikuwa na kamba. AMD ilifungwa na mkataba wa kununua chipu kutoka viwanda vile vile. Mauzo yaliposhuka mwaka 2012, ikakubali kulipa milioni 320 ili ichukue mzigo pungufu. Fikirini, kulipa ili usichukue mzigo! Mwaka 2013 ikauza majengo yake ya Austin, Texas, kwa kiasi cha milioni 164, ikabaki humo humo kama mpangaji. Mwaka 2014 ikakopa upya, madeni ya karibu yakasogezwa mbele. Mwaka 2015 hisa moja ilishuka hata chini ya dola 2. Lakini Lisa Su, aliyeshika uongozi Oktoba 2014, alipata muda wa kutengeneza chipu mpya. Ryzen ikatoka Machi 2017, wanunuzi wakarudi.

Intel nayo inaumwa na viwanda. Mwisho wa 2024 ilidaiwa kiasi cha bilioni 50, ikiwa na taslimu na amana za kiasi cha bilioni 22. Gawio imesimamisha, na Agosti 2025 serikali ya Marekani ilikubali kuchukua karibu asilimia 10. Kufa kesho, hapana. Lakini kila anayeingia na mtaji mpya hupewa hisa mpya, na fungu la mwenye hisa wa zamani hupungua.

Nimemwambia mahari aitoe. Iliyobaki aiache, na kila robo mwaka aje na taarifa ya hesabu, tutazame deni gani linakaribia.