Kigari cha watoto wawili: Pima mlango wako na mchanga wa mtaani kabla ya kuuliza bei

Kibaha. Dada yangu alijifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, wa kwanza akiwa na miezi 17. Alipotoka hospitali aliambiwa kwa wiki sita asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mchanga. Ushauri mzuri, ila yule mkubwa hakuhusishwa. Kila akimwona mdogo wake amebebwa, naye ananyoosha mikono.

Wanakaa Maili Moja, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro, na kliniki yao ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Mtoto mchanga ana chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Katikati hapo mkubwa naye akafikisha miezi 18, na tarehe yake ya chanjo ikawadia. Bodaboda na watoto wawili na mshono tumboni, haiwezekani. Bajaji kila safari, kwenda na kurudi, mfuko unalia. Ndipo shemeji akaja na wazo la kigari cha kusukuma cha watoto wawili, kile ambacho wengine mnakiita stroli. Na mimi mama mdogo wao, kwa kuwa naandika habari za afya, nikapewa kazi ya kukitafuta.

Nilikosea. Naandika ili mzazi mwenzangu usirudie kosa langu.

Nilikwenda Dar es Salaam kwenye mitumba. Vipya nilivyoviona madukani vilinishinda bei. Kwenye banda moja nikakuta kigari cha viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, kitambaa safi, rangi ya bluu. Muuzaji alianza na Sh220,000, tukamalizana kwa Sh140,000. Nikakikunja na kukifungua mara mbili, nikaona kinafanya kazi. Sikukisukuma nje ya sakafu ya saruji ya lile banda. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Kurudi nacho tu ilikuwa vita. Kikikunjwa bado kirefu, konda akanitoza nauli ya mzigo, na kutoka stendi bajaji ya kwanza ilinikataa. Kesho yake asubuhi tukawaweka watoto, tukatoka. Hatua 30 kutoka getini mchanga ukaanza, na yale matairi madogo ya plastiki yakazama kama kijiko kwenye uji. Tukakivuta kinyumenyume mpaka kwenye lami, dada anashika tumbo, mimi natoka jasho.

Kosa la pili lilitokea dukani. Pale pana mteremko kidogo unaoelekea barabara kubwa. Dada alikanyaga breki, mimi nikaachia mshikio nipokee chenji. Kigari kikaondoka. Hakikwenda kasi, kilikwenda taratibu kama mtu anayeondoka bila kuaga, watoto wote wawili ndani, mkubwa anacheka. Kilisimama kwenye benchi la mama lishe. Mbele ya lile benchi palikuwa na mtaro, na baada ya mtaro barabara. Hakuna aliyeumia. Mpaka leo nikipita pale naliangalia lile benchi.

Breki ilikuwa inashika tairi moja tu. Ya pili ilikuwa imelika, na kigari kikiwa kitupu huwezi kujua.

Dumu la maji ndiyo mizani yako

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Kigari kitupu kinadanganya. Mtoto wa miezi mitatu ana takriban kilo 6, wa mwaka na nusu kilo 10 au 11. Kigari chenyewe cha watoto wawili mara nyingi kina kilo 10 hadi 15. Ukijumlisha na begi la nepi unasukuma zaidi ya kilo 30, na breki inatakiwa izizuie hizo zote.

Kwa hiyo ukienda kununua, mwombe muuzaji madumu mawili ya maji. Lita 10 ni kilo 10, huhitaji mzani. Weka lita 10 kiti kimoja na lita 5 kingine, tafuta mteremko, kanyaga breki, kisha achia. Hesabu mpaka 30. Kikisogea hata kidogo, ama kiache, ama punguza kwenye bei gharama ya fundi, na mtoto asipande kabla fundi hajakigusa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu.

Madumu yakiwa bado ndani, ning'iniza kwenye mshikio mfuko mzito kama ule unaotoka nao sokoni. Aina nyingi huinua miguu ya mbele na kulala chali. Mizigo inakaa kwenye kikapu cha chini, mshikio ni wa mikono tu.

Halafu angalia maungio ya kukunjia. Mwaka 2009 nchini Marekani, vigari takriban milioni moja vya Maclaren viliitishwa kwa sababu bawaba zake zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto, matukio 12 yakiwa yameripotiwa. Wateja walipewa vifuniko vya bawaba bure. Jina hilo ni kubwa, maana mhandisi Owen Maclaren ndiye aliyebuni mwaka 1965 kigari kinachokunjwa kama mwavuli. Mtumba hauji na barua ya mtengenezaji, kwa hiyo ukikuta bawaba iko wazi, funga na ufungue kigari mtoto akiwa mbali, siyo amesimama pembeni ameshika chuma.

Ubavu kwa ubavu au mbele na nyuma?

Vya ubavu kwa ubavu huwa na upana wa sentimeta 75 hadi 80. Vya mbele na nyuma vina karibu 60, lakini ni virefu na vigumu kukata kona. Chukua utepe wa fundi cherehani upime mlango wako, geti dogo, na mlango wa kliniki kama unaweza. Nyumba nyingi za kupanga zina milango ambayo cha ubavu kwa ubavu hakipiti, na kukiacha nje usiku ni kukiaga.

Kwa mtoto mchanga, suala kubwa zaidi ni kiti kulala. Kabla ya miezi sita shingo na mgongo havijakaza. Akikalishwa wima na kusinzia, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kiti chake lazima kilale mpaka kiwe karibu sawa na kitanda. Vigari vingi vya bei nafuu vya watoto wawili vina viti vinavyoegemea kidogo tu, na vingine kiti kimoja ndicho kinacholala. Kwa mkubwa na mdogo kimoja kinatosha. Kwa mapacha, unahitaji vyote viwili.

Mikanda iwe ya pointi tano, yaani mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Iliyokatika isifungwe kwa kamba ya katani, peleka kwa fundi wa mabegi. Na kwa kuwa ni mtumba, vua vitambaa vyote, chungulia kwenye mishono kama kuna kunguni au ukungu, fua kwa maji ya moto, anika juani siku mbili.

Tairi la baiskeli

Kwa mchanga wetu, tairi ndiyo nusu ya bei. Tafuta matairi makubwa ya kujazwa upepo. Mengi ya aina hiyo ni ya inchi 12, saizi ileile ya baiskeli ndogo za watoto, maana yake tyubu unaipata kwa fundi baiskeli wa mtaani na pancha inazibwa palepale. Tairi la plastiki likipasuka huna pa kwenda. Kama la mbele linazunguka, angalia kama linaweza kufungwa lisizunguke, utalihitaji kwenye mchanga na kwenye makorongo ya masika.

Jambo la joto nalisema kwa haraka ila msilipuuze. Nawaona akina mama wakifunika kigari kizima kwa khanga ili jua lisimchome mtoto. Mwaka 2014 gazeti moja la Sweden lilipima, na kigari ambacho bila kufunikwa kilikuwa na nyuzijoto 22 ndani kilifika 34 kwa nusu saa baada ya kufunikwa, na 37 kwa saa moja. Hiyo ni Sweden, hapa Kibaha jua la saa saba mnalijua. Tumia kivuli chake cha juu au mwavuli, hewa ipite.

Tena ukiuliza kigari sokoni, hakikisha huuziwi kile cha kumfundisha mtoto kutembea, chenye duara na vimatairi. Hicho hakisukumwi barabarani, na Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuanguka nacho kwenye ngazi.

Na mbeleko je?

Bibi yetu aliposikia habari zote hizi aliuliza kwani mbeleko zimeisha madukani. Nilicheka, kisha nikaona ana hoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, linashauri mtoto asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja mfululizo, na limetaja kigari na mgongo wa mama kwa pamoja. Hakuna kilicho bora kwa hilo. Swali ni kipi kinakufaa wewe.

Dada alichokuwa hawezi ni kumbeba mkubwa. Mdogo wa kilo 6 alimmudu, kifuani, mbeleko ikipita juu ya mshono, uso wa mtoto ukionekana. Kumbe tulihitaji kigari cha mtoto mmoja chenye matairi makubwa. Tulikipata kwa Sh75,000, kilipita jaribio la madumu, na kikikunjwa kinaingia bajaji. Kwa watoto waliopishana, hiyo ndiyo hesabu ambayo ningeanza nayo. Mwenye mapacha hana njia hiyo, na kwake cha viti viwili ni pesa iliyotumika vizuri, alimradi kimepita mlangoni na mchangani.

Kile cha bluu fundi alikibadilishia breki kwa Sh15,000. Tumemwazima jirani mwenye mapacha, ambaye nyumba yake iko palepale kwenye lami. Kabla hajakichukua nilimwonyesha madumu mawili, akayajaza mwenyewe.